Chipu za sensa za nanowaya: nimezitumia, nawaambia zinafaa wapi na hela inaenda wapi

Wakuu habari zenu. Nimeulizwa na watu wa maabara tofauti, wengine Dar, dada mmoja yuko Arusha, wengine Nairobi, kwamba hizi seti za sensa za nanowaya (chipu zenye nyaya nyembamba mno za silikoni zinazopima vitu kama protini kwenye sampuli) zinazouzwa tayari zimeshatengenezwa zinafaa kununua au ni kutupa hela, kwahiyo naandika yote hapa niwe nimewajibu kwa mkupuo. Mi niko Uholanzi kwa masomo, maabara yetu ilinunua seti kwa kakampuni kadogo ka huku Ulaya (jina naliacha maana malalamiko yangu ni ya mzigo tuliopata sisi, wengine wanaweza kuwa wamepata mzuri zaidi) na tangu ifike nimekuwa nayo karibu kila wiki. Jibu la haraka: chipu yenyewe naipa nyota nne kati ya tano, elektrodi na kijitabu chake nyota mbili, na ukinunua kwa sababu tu umeona wameandika "femtomola" (kipimo cha ukolezi mdogo mno, pikomola ni mara elfu yake) kwenye tangazo utajuta.

Kwenye boksi unakuta chipu zimefungwa kwenye plastiki iliyonyonywa hewa, bodi ya kusomea inayochomekwa USB, kipande cha raba laini chenye mfereji mwembamba wa kupitisha sampuli juu ya chipu, elektrodi, na hicho kijitabu. Nyaya zimechongwa, hazikuoteshwa. Kuna njia mbili za kupata nanowaya za silikoni, moja unaziotesha kwa kutumia chembe ya dhahabu, gesi ya silikoni inaingia kwenye chembe na waya unatokea chini yake, halafu unahangaika kuzipanga juu ya chipu, na ya pili unachukua wefa (kisahani cha silikoni) yenye tabaka jembamba la silikoni juu ya oksaidi, unachora, unaondoa kwa kemikali usichokitaka mpaka unabaki waya. Hizi zetu ni za njia ya pili na upana wake ni kama nanomita 100. Mwaka 2007 kundi la Mark Reed pale Yale lilionyesha kwamba nyaya za kuchonga hivi zinaweza kutengenezwa kwa njia zinazokubaliana na viwanda vya kawaida vya chipu na bado zikawa nyeti sana, na faida yake kwa mnunuzi unaiona mapema tu: waya wa kwanza na wa mwisho kwenye chipu moja zinafanana. Tulipopima volteji ya kizingiti (pale waya unapoanza kupitisha mkondo vizuri) ya kila waya tofauti zilikuwa ndogo, waya chache zilikuwa zimekufa lakini hilo ni la kawaida. Hapo ndo nyota nyingi nimezitoa.

Kwa wale ambao hawajawahi kuigusa hii kitu, inavyofanya kazi ni hivi. Transista ya kawaida ina sosi, dreni na geti, volteji ya kwenye geti ndo inaamua mkondo kiasi gani upite kati ya sosi na dreni. Hapa geti ya chuma imeondolewa, badala yake ni maji ya sampuli yenyewe pamoja na elektrodi ya rejea (inayoshikilia volteji ya maji isihame), kwahiyo chochote chenye chaji kikija kunata juu ya uso wa waya kinafanya kazi ya geti na mkondo unabadilika. Wazo lenyewe ni la zamani na ni la huku huku Uholanzi, Piet Bergveld wa Twente alilitoa mwaka 1970 kwa transista bapa ya kupima ayoni. Nanowaya iliongeza kitu kimoja tu ila kikubwa, waya ukiwa mwembamba sana karibu silikoni yake yote iko karibu na uso, kwahiyo chaji kidogo ya nje inatikisa waya mzima. Mwaka 2001 kundi la Charles Lieber wa Harvard likaonyesha nyaya za silikoni zenye boroni zikipima pH, kalisi, na protini ya streptavidini kwenye kiwango cha pikomola, na 2004 wakaonyesha kirusi kimoja cha mafua kikinata na kuachia huku mkondo ukishuka na kupanda. Kirusi kimoja! Nilipousoma mchoro ule kwa mara ya kwanza sikulala vizuri, na naamini nusu ya watu wa fani hii waliingia kwa sababu ya mchoro ule.

Sasa kwetu. Jaribio la kwanza mtu yeyote afanye ni pH, usikimbilie protini. Kwa joto la nyuzi 25 kikomo cha kinadharia ni milivolti 59 kwa kila pH moja. Waya ukiwa na oksaidi ya silikoni tu hufiki huko, uko chini kwa mbali, lakini ukiwa na oksaidi ya hafniamu (hafnia) au ya aluminiamu (alumina) juu yake unakaribia. Zetu zina hafnia na tulikaribia kabisa, na mstari ulikuwa umenyooka. Hafnia ina faida nyingine ambayo wauzaji hawaitangazi vya kutosha, silikoni na oksaidi yake huyeyuka taratibu kwenye maji ya chumvi, kwahiyo waya mtupu ukiuacha kwenye bafa (maji ya chumvi yanayotuliza pH) kwa siku nyingi unapungua wenyewe, hafnia inakinga hilo. Muuzaji akikwambia chipu zake zina oksaidi ya silikoni pekee ili bei ishuke, muulize unataka uitumie kwa saa au kwa wiki.

Baada ya pH tukaenda kwenye biotini na streptavidini, vitamini na protini zinazoshikana kwa nguvu sana, ambayo ni ya kujiridhisha tu, ikafanya vizuri. Streptavidini kwenye pH 7.4 ina chaji hasi, waya zetu ni aina ya p (mkondo unabebwa na chaji chanya), kwahiyo mkondo ukapanda kama inavyotakiwa. Halafu troponini I, ile protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo ikiumia, na hii ni nzuri kwa kuijaribu sensa kwa sababu ina chaji chanya kwenye pH hiyo, kwahiyo kwenye waya wa p mkondo unatakiwa ushuke. Nawasisitiza sana hapa, mwelekeo wa mkondo ni ushahidi. Ukiweka troponini ukaona mkondo unapanda, usifurahi kwamba sensa imeona kitu, kuna kitu kingine kimenata pale au chumvi imebadilika. Kijitabu chao hakijaandika hata sentensi moja kuhusu hili na nadhani mwanafunzi anayeanza anaweza kupoteza muhula mzima.

Twende kwenye jambo lenyewe, maana hapa ndo watu wananunua wakitegemea muujiza. Damu na bafa za kawaida zina chumvi nyingi, ayoni za chumvi zinaizunguka kila chaji na kuifunika, kwahiyo umbali ambao chaji inaweza "kuonekana" na waya ni mfupi sana, unaitwa umbali wa Debye. Ni kama kibatari kwenye ukungu mzito, taa inawaka kweli lakini ukisogea hatua chache huioni. Hesabu yake ni rahisi, chukua 0.304 gawanya kwa kipeuo cha pili cha mola za chumvi kwa lita, jibu ni nanomita. PBS, bafa ya kawaida ya maabara, ina kama milimola 150, jibu linakuja kama nanomita 0.8. Kingamwili, ile protini unayoiweka juu ya waya kunasa unachotafuta, ukiisimamisha ina urefu wa nanomita 10 hadi 15. Fikiria hapo, umeweka kingamwili kwa shida, protini uliyoitafuta imekuja ikashika kwenye ncha ya juu, na waya hauioni kabisa kwa sababu iko mbali mara kumi na zaidi ya umbali wa kuona. Sensa haijaharibika. Ni fizikia.

Ukipunguza chumvi mara 100 umbali unakuwa karibu nanomita 8 na hapo unaanza kuona vitu. Ndo maana tafiti nyingi maarufu ukizisoma vizuri utakuta sampuli iliondolewa chumvi kwanza. Ile ya 2005 ya kundi la Lieber, waliopima alama za saratani kadhaa kwa pamoja ikiwemo PSA ya tezi dume kwenye seramu, seramu ile ilitolewa chumvi kabla haijaingia kwenye chipu. Sio siri, wameandika wenyewe, ila ikifika kwenye tangazo la muuzaji hiyo sentensi inapotea, inabaki "inapima femtomola kwenye seramu".

Na hapa naomba tuongee kuhusu hiyo femtomola kwa utulivu. Watu wanaisifia kama ndo lengo la safari. Vipimo vya kisasa vya troponini vinaangalia mstari wa hatari kwenye makumi ya nanogramu kwa lita, na protini hii ina uzito wa kilodaltoni 24 hivi, kwahiyo nanogramu 24 kwa lita ni pikomola 1. PSA, mstari uliozoeleka wa nanogramu 4 kwa mililita, unakuja kama pikomola 130. Glukosi ya damu ni milimola tano hivi, huko hatuna hata haja ya nanowaya. Kwahiyo kwa magonjwa mengi ambayo daktari anataka jibu, pikomola inatosha, na sensa ya femtomola ina ziada kubwa sana. Hiyo ziada inatumika wapi? Ndo unailipia chumvi. Ukiichanganya sampuli na maji mara 100 ili waya uone, troponini yako ya pikomola 1 imeshuka mpaka femtomola 10, na sasa unahitaji unyeti wote ambao waya unao. Mi nilivyoielewa hivi ndo nikaanza kuipenda hii chipu kwa sababu sahihi, nikaacha kuitazama ile namba ya kwenye tangazo.

Lakini kuchanganya na maji sio njia nzuri kuliko zote, chumvi ikipungua sana kingamwili nyingine hazishiki vizuri na bafa inashindwa kuzuia pH isicheze. Tulichokuja kutulia nacho ni hiki: acha protini ishike kwenye chumvi ya kawaida, osha, halafu pitisha bafa yenye chumvi kidogo na usome mkondo hapo. Soma kabla na baada kwenye bafa ile ile. Unapoteza kuona tukio likitokea moja kwa moja, lakini unapata namba unayoweza kuisimamia. Wale wa Yale mwaka 2010 walikwenda mbali zaidi, wakaweka chipu ya kwanza ya kunasa protini kutoka kwenye damu nzima, wakaosha, wakaziachia kwa mwanga wa urujuanimno kwenye bafa safi yenye chumvi kidogo, ndo zikaenda kwenye nanowaya, damu yenyewe ilikuwa mikrolita 10 na kazi yote chini ya dakika 20. Kwangu hiyo ndo kazi nzuri kuliko zote kwenye fani hii kwa sababu walikubali kwamba damu ni chafu na wakasanifu kuanzia hapo.

Njia nyingine ni kuachana na kingamwili nzima. Unaweza kutumia kipande chake tu ambacho ni kifupi, au aptama, zile nyuzi fupi za DNA au RNA zinazojikunja zikishika kitu. Mwaka 2018 kundi la UCLA lilionyesha kwenye transista za indiamu oksaidi, utando mwembamba tu sio nanowaya, kwamba aptama ikijikunja yenyewe inasogeza chaji zake karibu au mbali na uso, kwahiyo hata molekuli ndogo isiyo na chaji inaonekana, na kwenye chumvi kamili ya mwilini. Serotonini, dopamini, hadi glukosi. Sisi bado tunaihamishia hii kwenye chipu zetu kwahiyo sitaisemea zaidi.

Kemia ya uso ndo inakula muda. Kijitabu kinasema weka APTES (kemikali inayoshika kwenye oksaidi), halafu glutaraldehaidi (ya kuiunganisha na kingamwili), halafu kingamwili, ukurasa mmoja umeisha. APTES inapenda sana unyevu, kukiwa na unyevu hewani inajiunga yenyewe kwa yenyewe na kutengeneza tabaka nene lenye mabonge, na tabaka nene maana yake umekiongezea kingamwili umbali kutoka kwenye waya, na umbali tumeshasema ni adui. Hili nawaambia hasa nyie wa Dar, Tanga, Mombasa, na Zanzibar. Huku wakati wa baridi hewa ya ndani ni kavu na inatuvumilia, huko pwani ukiifungua chupa mezani umeshaiharibu. Tumia chombo kilichokaushwa na nitrojeni, tolueni isiyo na maji, au weka APTES kwa mvuke badala ya kuichovya. Na ukimaliza ziba nafasi zilizobaki kwa BSA (protini ya damu ya ng'ombe) au PEG (polima inayozuia protini kunata), la sivyo kila protini ya kwenye seramu itakuja kukaa hapo.

Mfereji wa maji, hapa wamefanya kazi nzuri. Kwenye femtomola 1, tone la mikrolita 1 lina molekuli kama 600 tu, na waya wako ni kitu kidogo mno kwenye tone hilo, molekuli zikiachwa zitembee zenyewe protini ya kawaida inaweza kuchukua zaidi ya saa nzima kusogea milimita moja. Nair na Alam wa Purdue waliipigia hesabu hii mwaka 2006 na ukiisoma unaelewa kwamba kuufanya waya uwe mwembamba zaidi na zaidi hakukuokoi kama molekuli hazifiki. Mfereji mwembamba na pampu ya sirinji inayosukuma taratibu inasaidia sana, raba yao inabana vizuri, haivuji, viputo vya hewa vinaingia ila ukiitoa hewa kwenye bafa kabla vinapungua.

Elektrodi sasa. Wametoa kipande cha platina kama elektrodi ya rejea na wanaiita ya kutosha. Haitoshi. Platina kwenye sampuli yenye protini volteji yake inahama, na kwa kuwa elektrodi ni sehemu ya geti, mkondo wa nyaya zote unahama pamoja nayo, wewe unaona mstari unashuka taratibu unasema nimepata troponini, kumbe ni elektrodi. Tumeitoa tukaweka ya fedha na kloraidi ya fedha ya kawaida na mstari wa msingi ukatulia siku ile ile. Nyota mbili ni kwa ajili ya hiyo. Kwa bei wanayouza, ile elektrodi ilitakiwa iwemo kwenye boksi. Kinga ya pili ni kuziacha nyaya kadhaa bila kingamwili, uzizibe kwa BSA tu, uzisome sambamba na zile zenye kingamwili na utoe tofauti. Kinachohama kwa wote kinajifuta. Muuzaji anayeuza chipu ya waya mmoja mmoja usinunue kabisa kwa sababu hiyo.

Bodi ya kusomea ni nzuri kuliko nilivyotegemea. Inakuachia uchague volteji ya geti mwenyewe, na hili ni muhimu, ukiusoma waya chini kidogo ya kizingiti badiliko dogo la volteji linaleta badiliko kubwa la mkondo kwa asilimia. Kundi la Lieber lilionyesha hilo 2010. Programu yao inafanya kazi Windows tu lakini inatoa CSV safi. Na inatumia umeme wa laptopu, kwahiyo umeme ukikatika betri inaendelea na mstari wa msingi haupotei, maana waya unahitaji kutulia muda mrefu kabla ya kuanza kupima na ukikatika unaanza upya. Pampu tu ndo utaitafutia UPS.

Ninunue au nisinunue? Kama unataka kipimo cha malaria kijijini, hapana, vile vipimo vya haraka vya kijikaratasi vinavyonasa HRP2 (protini ya kimelea cha malaria) ni vya bei ndogo na havihitaji pampu, hela yako iweke huko. Kama maabara yako haina mtu wa kemia ya uso, subiri umpate kwanza. Kama una mwanafunzi wa fizikia au umeme na mwingine wa biokemia wanaokaa meza moja, nunua, mtajifunza sana na mnaweza kutoa kitu chenu, hasa kwenye upande wa kusafisha sampuli kabla ya waya ambao bado uko wazi mno na hauhitaji chumba safi cha mamilioni.

Kabla ya kulipa waombe grafu ya kila waya kwenye chipu utakayotumiwa, sio grafu ya mfano. Uliza oksaidi ni ipi na unene wake, uliza kama soketi inapokea elektrodi ya nje. Na usikubali chipu zilizokwisha pakwa kingamwili hata wakikupunguzia bei, hizo zinatakiwa kukaa kwenye nyuzi 4 njia nzima na mzigo ukikwama forodhani unapokea kingamwili zilizokufa. Agiza chipu tupu, zihifadhi kavu, upake mwenyewe wiki unayotaka kupima.